Daftari la Mashimo

Mimi ni katibu. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye jalada,
kwa kuwa hapa Mlowa kalamu ina miguu.
Ukurasa wa kwanza niliupiga mistari kwa rula ya mwanangu:
namba ya shimo, mti, mwenye shimo, hali.

Mashimo mia mbili na kumi na mawili,
kila moja nusu mwezi, pembe zikitazama juu mlimani,
ili maji yakija na haraka zake
yakute mkono umekunjwa, yakae.
Tulichimba Oktoba. Ardhi ilikuwa chungu kilichosahauliwa motoni,
sululu ikidunda, ikitutemea cheche.
Mama Mbeleje alipima kwa hatua zake,
maana kamba ya vipimo ilikuwa imefungia ndama.
Tukatia samadi, tukafunika kwa mabua ya mtama,
mbaazi pembeni, mlonge katikati,
na mkwaju kwa ajili ya wajukuu
ambao wengine bado hawajatafutiwa hata baba.

Kisha nikaandika.
Shimo la 4, mlonge, Yeremia Chilewa: umeliwa na mbuzi.
Shimo la 5, mlonge, Yeremia huyohuyo: mbuzi huyohuyo.
Shimo la 19, mkwaju, Mama Mbeleje: hai, unakunywa maji ya kunawia.
Shimo la 31, mbaazi, Tabitha Malogo: mchwa.
Shimo la 32: mchwa.
Shimo la 33: mwenyewe amehamia mjini, mchwa wamebaki.

Mvua ya Desemba ilikaa siku tatu,
ikaaga kama mgeni aliyekumbuka ameacha chungu jikoni.
Januari nzima mawingu yalitupita yakienda kwa watu wengine.
Kufikia Machi neno "hai" liliandikika mara arobaini na moja.
Nilihesabu tena jioni: arobaini.

Lameki Ndalu hakuwa na shimo.
Mkutano ulimnyima. Miaka kumi na minne alichoma mkaa,
gunia baada ya gunia hadi barabara ya Iringa;
mlima tunaoutibu, yeye ndiye aliyeunyoa.
Vikaoni alikaa pembeni, kofia magotini.
Aprili akasimama:
"Mnapanda pasipo na mizizi. Mimi najua ilipo."

Tukamfuata, wengine kwa kumcheka.
Alitembea kama mtu anayeingia kwake gizani, bila kupapasa.
Hapa mgunga, niliukata mwaka mwanangu alipoanza shule.
Hapa mkole. Hapa mgunga mwingine, mbishi,
ulinivunjia mpini wa shoka.
Na chini ya nyasi, pale mbuzi wanapotafuna kila jioni,
visiki vilikuwa vimetoa vifimbo, tisa, kumi, visivyofika goti,
miaka yote hiyo vikijaribu.

Akapiga magoti. Akachagua viwili vilivyonyooka,
vingine akavipogoa kwa panga lilelile la zamani,
akafunga utepe mwekundu aliouchana kwenye kanga ya mkewe,
maana yake: huu una mwenyewe, fungeni mbuzi wenu.

Huu ni mwaka wa tatu. Mgunga wa kwanza umenipita kichwa.
Chini yake Tabitha amechuma mlenda ambao hakuna aliyeupanda,
na korongo lililokuwa likila shamba la Yeremia
limetulia, limejaa mchanga laini, watoto wanateleza humo.
Sisemi mlima umepona. Upande wa magharibi bado ni kipara,
na upepo wa Agosti bado hutuletea
udongo wa majirani ndani ya ugali.

Lakini juzi nilifungua daftari niandike hali,
nikakosa safu ya kumwandika Lameki.
Hakuna shimo. Hakuna mche. Na mwenyewe ni nani,
aliyekata, au aliyerudi?
Nikachukua rula, nikapiga mstari mmoja zaidi ukingoni,
mwembamba, karibu na uzi wa kalamu,
juu yake nikaandika: vilivyokuwepo.

Nimefika mia tatu na sita,
na bado hatujashuka hadi mto mkavu.